Jina la ugonjwa kwanza, dawa baadaye: nimesoma kitabu cha Mukherjee nikiwa Bukavu

Leo tuache siasa kidogo, tuzungumze kitabu. Kuna kitabu kimoja ambacho vijana wetu wa udaktari wanatumiana kwa simu. Wengi wanakisifu, wachache wamekifikisha mwisho, maana kinapita kurasa mia tano. Kimeandikwa na Siddhartha Mukherjee, daktari wa kansere aliyezaliwa New Delhi na anayefanya kazi Marekani. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2010, mwaka 2011 kikapata tuzo ya Pulitzer, na kwa Kifaransa kinaitwa L'Empereur de toutes les maladies. Mwenyewe anasema ameandika wasifu wa kansere, kama vile mtu anavyoandika maisha ya mfalme: alianzia wapi, nani alipigana naye, nani alishindwa.

Mimi si munganga. Nilisoma historia, ninafundisha sekondari hapa Bukavu. Nimekisoma kama mtu wa historia na kama jirani wa watu wanaougua. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusichoshane: kitabu ni kizuri sana, lakini kwa msomaji wa huku kimeweka uzito mahali ambapo shida yetu haiko. Kinasimulia kansere kama historia ya dawa na visu. Kumbe kurasa zake bora zinaonyesha kwamba kabla ya dawa na kisu kuna kazi nyingine, ya kuupa ugonjwa jina lake la kweli. Kazi hiyo, Mukherjee anaipita haraka kwa sababu kwake imeshafanyika. Kwetu haijafanyika, na hapo ndipo watu wanakufia.

Tuanze na mgonjwa wa kurasa za kwanza. Anamwita Carla, mwalimu wa watoto wadogo, mama wa watoto watatu. Mwaka 2004 kichwa kinamuuma, anachoka ovyo, mgongoni ametokewa na mabaka kama ya kupigwa. Wanamtoa damu, inaonekana nyepesi, imepauka. Wanamwita hospitali, wanachoma sindano katika mfupa wa nyonga, wanatoa uboho, wanautazama. Leukemia kali ya limfoblasti. Toka kichwa kuuma mpaka jina kamili ni siku chache tu, na dawa zinaanza. Nadhani msomaji wa Boston anapita hapo bila kusimama, kwake hizo ni taratibu za kawaida. Mimi nilisimama. Nilirudia kuhesabu siku zile.

Baadaye Mukherjee anaturudisha mwaka 1845, na hapa nampa sifa zote. Huko Scotland daktari John Bennett anapasua maiti ya fundi wa kuezeka paa kwa mawe. Bandama imevimba, damu imejaa chembe nyeupe. Bennett anaamua: hii ni damu iliyogeuka usaha. Anatafuta jipu au kidonda kilichotoa usaha huo, mwili mzima, haoni. Pamoja na hayo anabaki na neno lake. Mwaka huohuo, Ujerumani, kijana Rudolf Virchow anaona mgonjwa wa namna ileile. Yeye hajifanyi anajua sababu. Anaandika kile alichokiona: damu nyeupe. Mwaka 1847 anakipa jina la Kigiriki lenye maana hiyohiyo, leukemia. Mukherjee anaeleza vizuri kwa nini jina hili dogo lilikuwa na nguvu. Ukiita kitu usaha, akili yako yote inakwenda kutafuta maambukizi. Ukikubali kwamba hujui, unaacha mlango wazi, na anayekuja nyuma yako anaweza kuingia.

Mwingine ni wa zamani zaidi. Kuna mafunjo ya Misri yanayobeba mafundisho ambayo Mukherjee anayahusisha na Imhotep, takriban mwaka 2625 kabla ya Kristo. Katika kesi ya 45 daktari anagusa ziwa lenye uvimbe. Anaandika kwamba ni gumu, ni baridi kwa mkono, halina maji ndani. Mahali pa matibabu anaandika kwamba hakuna. Watu husoma hapo wakahuzunika kwa ajili ya neno la mwisho. Mimi nilishangaa ya kwanza. Mtu huyu, bila darubini, bila umeme, alitenganisha uvimbe huu na jipu kwa vidole vyake tu. Jipu lina joto, lina maji, linauma. Hili ni baridi na gumu. Alijua kwamba viwili hivi si kitu kimoja.

Sasa niwaambie kwa nini habari ya usaha na jipu imenikaa moyoni. Mtaani kwetu Kadutu kulikuwa na mama mmoja, mchuuzi wa samaki, tuliyemwita Mama Mkubwa ingawa hatukuwa ndugu wa damu. Aliona kiuvimbe katika ziwa la kushoto, kidogo kama punje ya haragwe. Hakikuuma, kwa hiyo alikaa nacho. Alipokwenda kwenye kituo kimoja cha afya akaambiwa: "Hii njo jipu tu, mama, kunywa dawa itaisha." Akanywa antibiotiki mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Uvimbe ukakua. Akapelekwa hospitali moja, sitaitaja, wakamlaza, wakaukata, wakamshona, wakampa fakti. Familia ikauza magunia mawili ya samaki na kulipa. Mtoto wake wa kike aliuliza: "Dokta, kile kipande mulichotoa kiko wapi?" Akajibiwa kwamba kilitupwa, na kwamba mama sasa yuko salama.

Kile kipande kilichotupwa ndicho kilikuwa na jibu.

Miezi saba baadaye uvimbe ulirudi pembeni ya kovu, na mwingine kwapani. Wakati ule ndipo mtu wa kwanza alitamka neno kansere. Na hata hapo hakuna aliyejua kansere ya namna gani.

Nimeuliza marafiki wa fakulte ya udaktari wanieleze kipande kinapitia njia gani pale kinapopelekwa inavyotakiwa. Naandika hapa kwa sababu wengi wetu wenye diploma hatuijui. Kwanza, daktari hakati uvimbe wote kwa papara. Anachukua kipande kidogo kwa sindano nene, hiyo njo biopsia. Kipande kinaingia mara moja katika chupa yenye formoli nyingi, kanuni ya kawaida ni mara kumi ya ukubwa wa kipande, kisioze. Chupa inaandikwa jina la mgonjwa, mahali palipotolewa, siku na saa. Katika labo wanakikausha maji, wanakizamisha katika nta ya parafini mpaka kinakuwa kama kipande cha mshumaa. Kisha mashine yenye wembe inakikata vipande vyembamba mno, mikromita 3 au 4, yaani sehemu tatu au nne kati ya elfu za milimita moja. Vinabandikwa juu ya kioo, vinapakwa rangi mbili, moja ya zambarau kwa viini vya seli, nyingine ya waridi kwa sehemu inayobaki. Hapo ndipo daktari wa anatomopatolojia, ambaye waganga wanamwita kwa kifupi mtu wa anapati, anaweka jicho kwenye darubini.

Anaangalia nini? Kama seli zimepangwa kwa adabu au zimevunja ukuta na kuingia kwa jirani. Kama viini vimekuwa vikubwa na vya ovyo. Ni ngapi ziko katika kugawanyika. Kwa ziwa, anaendelea: seli hizi zina vipokezi vya homoni ya estrojeni au hazina? Zina protini ya HER2 kwa wingi au hapana? Majibu haya ndiyo yanachagua dawa. Ikiwa vipokezi viko, kidonge cha tamoksifeni, cha kunywa nyumbani kila siku, mara nyingi kwa miaka 5, kinaweza kuongeza maisha sana. Ikiwa haviko, kidonge hicho hakimsaidii mgonjwa, ni pesa ya bure. HER2 ikiwa nyingi, kuna dawa yake nyingine, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1998. Baada ya jina, wanatafuta umefika wapi: kwapa, mapafu, ini, mifupa. Na katika hospitali zilizojipanga, mpasuaji, daktari wa kemoterapia, wa mionzi na yule wa darubini wanakaa meza moja kabla mgonjwa hajaguswa kisu. Ndivyo wataalamu wanavyofanya kazi. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na wote wanamngoja yule wa darubini.

Turudi kwenye kitabu sasa, maana hapa ndipo nina neno na Mukherjee. Shujaa wake mkubwa ni Sidney Farber wa Boston, anayeitwa baba wa kemoterapia. Mwaka 1947 alianza kuwapa watoto wenye leukemia dawa ya aminopterini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948: watoto 16 walipewa, 10 wakapata nafuu, ya muda, lakini nafuu ambayo haikuwahi kuonekana. Sasa, Farber alikuwa nani kabla ya hapo? Alikuwa mtu wa anapati! Alikaa chini, katika vyumba vya chini ya hospitali ya watoto, akitazama vipande vya maiti kwa darubini, mpaka wenzake wakamdharau kama daktari wa wafu. Mukherjee anasimulia vizuri jinsi alivyopanda ngazi kwenda kwa watoto walio hai. Kisha kitabu kinapanda ngazi pamoja naye, na ni mara chache sana kinashuka tena. Kuanzia hapo tunafuata dawa juu ya dawa, wanasiasa, michango, maabara. Chumba cha chini kinaendelea kufanya kazi kila siku, lakini kimya, kama jiko la hoteli ambalo mgeni halioni.

Kwa msomaji wa Boston si kosa kubwa. Jiko liko, chakula kinafika mezani. Lakini kitabu hiki kinasomwa dunia nzima, na msomaji wa Kivu akikimaliza atafikiri kwamba tunachokosa ni dawa za bei kali. Ataomba mbunge wetu alete mashine ya mionzi. Hatamwomba alete formoli, nta, wembe na mtu mmoja anayejua kutazama. Na bila hawa, mashine itapiga mionzi juu ya nini?

Kuna sura moja ambayo ningependa kila daktari wetu aisome mara mbili. Ni ile ya William Halsted, mpasuaji wa Baltimore, mwishoni mwa karne ya 19. Aliamini kwamba kansere ya ziwa inatambaa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo ukikata zaidi utaponyesha zaidi. Akatoa ziwa, misuli ya kifua, tezi za kwapani. Wanafunzi wake wakaenda mbali zaidi. Karibu miaka themanini wanawake walikatwa hivyo, na kuuliza swali kulionekana ni utovu wa heshima kwa mwalimu. Bernard Fisher ndiye aliyelazimisha jaribio la kulinganisha. Matokeo yaliyotoka mwaka 1981, ya wanawake 1,765, yalionyesha kwamba waliokatwa sana hawakuishi kuliko waliokatwa kidogo. Mukherjee hawafichi wakubwa wa taaluma yake, na huu ni ujasiri ambao sisi bado hatuna. Huku kwetu ukimuuliza dokta swali la pili, muuguzi anakukodolea macho. Mtoto wa Mama Mkubwa aliuliza swali moja tu, nalo lilikuwa swali la maana kuliko yote.

Jambo la pili ninalompinga ni neno vita. Kitabu kimejaa vita: majeshi, adui, ushindi, kurudi nyuma. Ni kweli Wamarekani wenyewe walizungumza hivyo, na mwaka 1971 Rais Nixon alitia sahihi sheria ambayo watu waliiita vita dhidi ya kansere. Mukherjee mwenyewe mara nyingine analitilia shaka neno hilo, halafu analirudia. Mtu ambaye vita kwake ni bajeti na bendera anaweza kulipenda. Sisi tunajua vita ni nini. Vita ni mahali ambapo watu wanapiga kabla ya kujua ni nani aliye mbele yao. Antibiotiki mara tatu, kisu, kipande kutupwa: hiyo ndiyo ilikuwa vita halisi, kila mtu alipiga risasi gizani. Ningependa lugha ya mkulima zaidi. Kabla ya kung'oa, anainama anatazama jani, maana magugu mengine yanafanana na mtama.

Jambo la tatu ni Afrika. Mukherjee anamtaja Denis Burkitt kwa maneno machache, halafu anaondoka. Inasikitisha, maana hadithi ile ingemfaa. Burkitt alikuwa mpasuaji kutoka Ireland, akifanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya, muda mfupi baadaye akaona mwingine, akaanza kuuliza. Mwaka 1958 akaandika makala, mwaka 1961 akaendesha gari karibu kilomita 16,000 kupitia Afrika ya mashariki na kusini, akiwauliza waganga wa hospitali ndogo kama wamewahi kuona uvimbe ule, na akachora ramani ya mahali ulipo na mahali usipo. Vipande vilipandishwa ndege kwenda London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani yake. Kansere ya kwanza ya binadamu kuunganishwa na kirusi ilitambuliwa kwa njia hiyo: maswali, ramani, na vipande vilivyofungwa vizuri. Na watoto wengi walipata nafuu kwa dozi chache za dawa. Yote haya yalianzia karibu yetu, siku moja mbili za barabara.

Kama mtu akiniambia kwamba kazi hii haiwezekani kwa nchi maskini, namwonyesha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, katika milima isiyo tofauti na ya kwetu. Kituo cha kansere kilifunguliwa pale mwaka 2012. Mwanzoni vipande vya wagonjwa vilisafirishwa mpaka Boston, mji uleule wa Farber, vikasomwa huko, jibu likarudi. Baadaye wakaweka labo palepale na kutuma picha za vioo kwa intaneti. Mionzi hawakuwa nayo, lakini hawakungoja mionzi ili waanze kutoa majina. Wala jirani mwingine hakuwa ametulia: mashine pekee ya mionzi ya Mulago iliharibika mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa mwaka 2018 tu. Mashine inakufa. Mtu aliyefundishwa kutazama anafundisha mwingine.

Mwishoni mwa kitabu kuna mchezo mzuri wa mawazo. Mukherjee anamchukua Atossa, malkia wa Uajemi aliyeficha uvimbe wa ziwa mpaka mtumwa Mgiriki akamkata, anamsafirisha kupitia karne. Kwa Wamisri hapati kitu, kwa Halsted anakatwa kifua, baadaye anapata tamoksifeni, na kadhalika. Karne zinapita na maisha yake yanarefuka. Ni ukurasa unaoleta matumaini. Lakini nataka kumrekebishia safari. Usimpitishe karne, mpitishe miji, ndani ya mwaka mmoja. Boston: wiki moja ana jina, vipokezi na mpango. Butaro: ana jina, anangoja kidogo, ana kidonge. Kadutu: ana jipu. Malkia yuleyule, mwaka uleule, na huku kwetu amerudi nyuma ya Imhotep, aliyegusa akajua kwamba si jipu. Maendeleo anayoyachora Mukherjee kama mstari mmoja unaopanda, sisi tunaishi katika vipande vyake vyote kwa wakati mmoja.

Mama Mkubwa alivuka mpaka hatimaye. Watu wa kanisa walichanga, mwanawe akauza shamba la Walungu. Ng'ambo walichukua kipande kipya, na baada ya wiki kadhaa jina likapatikana: kansere ya mirija ya maziwa, yenye vipokezi vya homoni. Yaani ile ambayo kidonge cha kila siku kingeweza kuipunguza makali toka mwanzo. Lakini ilikuwa imeshafika kwenye ini. Alikunywa kidonge, akaishi miezi kumi na moja, na kwa sehemu kubwa ya miezi hiyo aliuza samaki. Wengine mtaani walisema alirogwa na mwenzake wa soko. Mwanawe alikuwa na karatasi ya majibu, akawaonyesha. Karatasi haikumponya mama, lakini ilimwokoa yule mwenzake wa soko.

Kwa hiyo, wasomi, someni kitabu hiki. Kina uzuri mwingi kuliko niliousema, hasa kurasa zinazowachambua wakubwa bila woga. Ila mkimaliza, shukeni ngazi ambazo Mukherjee alipanda. Madaktari mlioko katika ukurasa huu, msikate uvimbe na kuutupa. Hata kama labo iko mbali, chupa ya formoli inaweza kungoja kuliko mgonjwa. Wanasheria, tuandikeni wazo: kila hospitali inayotoa uvimbe ilazimike kumpa mgonjwa karatasi inayosema kipande kimekwenda wapi. Wachumi, pigeni hesabu ya labo moja ya anapati kwa mkoa mzima, mlinganishe na bei ya misafara ya wagonjwa tunaowavusha mpaka kila mwezi. Na sisi wengine, siku dada au mama atakapotolewa uvimbe, tuulize swali lile la binti wa Mama Mkubwa, kabla ya kulipa fakti.

Wanaofanya kazi ndani ya hospitali watuambie hapa chini: kwenu kipande kinakwenda wapi?